Mapezi marefu, propela au usukani? Jibu kwa mwalimu wa Ipinda

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ipinda. Mwaka jana nilinunua kayaki ya kuvulia iliyotumika, futi 12, ya kunyonga kwa miguu, yenye mapezi mawili chini ya tumbo. Haina rivasi. Mimi nina kilo 85. Jumamosi alfajiri natoka Matema, nafuata ukingo wa milima kuelekea Ikombe kutafuta mbasa, na saa za mwanzo ni raha tupu. Upepo wa kusini ukiinuka kama saa nne, nikiwa bado naenda, nanyonga mpaka mapaja yanawaka na chombo hakisogei. Kurudi ni tabu nyingine: pua inageuka inakotaka yenyewe. Nimeweka akiba milioni moja na nusu. Mmoja ananiambia nifunge mapezi marefu, mwingine ning'oe mtambo wote niweke wa propela, wa tatu anasema mota ya betri. Wewe umeshabadilisha, nianzie wapi? Ndaga fijo."

Marahaba, mwalimu. Kwanza nikuombe kitu kimoja: usinunue chochote mwezi huu. Akiba yako iache ilipo. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na duka nikamalizia na spana, na ilitakiwa iwe kinyume.

Nilipoipata kayaki yangu, ya ukoo huohuo wa yako, niliiona nzito. Nikaagiza mapezi marefu, yakakaa njiani wiki nyingi, yakafika, nikayafunga usiku uleule kwa tochi. Kesho yake nikaenda nayo majini nikitegemea kupaa. Kilichobadilika ni magoti tu, yalianza kuuma. Baada ya kama mwezi, mtambo ukiwa juu ya meza hapa karakana, kijana wangu akashika pezi moja kwa mkono, mimi nikasukuma pedali. Pedali ikatembea upana wa vidole vitatu kabla pezi halijafikiria kusogea. Vidole vitatu! Kila nikikanyaga, sehemu ya kwanza ya mguu ilikuwa inavuta kebo iliyolegea, haisukumi maji. Nilikaza kebo, nikabadilisha beringi mbili zilizokuwa zinakwaruza, nikarudisha yale mapezi mafupi ya zamani ili nilinganishe. Mapezi mafupi kwenye mtambo uliokazwa yaliyashinda mapezi marefu kwenye mtambo uliolegea. Hiyo ndiyo siku niliyojua nimetupa hela mbele ya kazi.

Kwa hiyo Jumamosi hii usiende kuvua. Toa mtambo, ulaze chini miguu juu, mwombe mwanafunzi mmoja mwenye mikono mikavu ashike pezi lisitembee, wewe sukuma pedali polepole. Ikicheza zaidi ya upana wa kidole kimoja, kaza nati za kebo, zunguko la robo kwa kila upande, usikaze upande mmoja ukamaliza ndipo uhamie wa pili. Usikaze mpaka kebo ilie kama uzi wa gitaa. Kebo iliyobana kupita kiasi inakula beringi na mwenyewe utaisikia kwenye nyayo. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya kebo yote. Pakinasa nyuzi za kitambaa, ujue kuna waya mmoja umeshakatika ndani ya msokoto, na kebo hiyo imebakiza safari chache. Kisha zungusha kila beringi kwa kidole. Mchanga wa Matema ni mlaini, na mlaini ndio unaoingia. Maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi, kutu si adui yako mkubwa kama ilivyo kwa wenzetu wa Dar es Salaam, lakini mchanga na grisi wakikutana wanageuka msasa. Osha mtambo kwa maji mengi kwanza, ndipo uweke grisi. Wengi wanapaka grisi juu ya mchanga.

Angalia pia fito mbili zinazobeba mapezi. Chungulia kwa jicho moja kama unavyochungulia ubao ulionyooka. Ufito uliopinda hata kidogo unafanya pezi moja lisukume na lingine lipepee tu. Halafu kuna skrubu ndogo kwenye kona ya chini ya pezi, inayovuta mpira wa pezi kuelekea nje. Watu wengi wanaimiliki kayaki miaka mitatu hawajui kama ipo. Hiyo ndiyo gia yako, mwalimu. Ukiilegeza, pezi linajikunja zaidi linapopita kwenye maji, mguu unakuwa mwepesi, kama kupandisha baiskeli kutoka Kyela kwenda Tukuyu kwa gia ndogo. Ukiikaza, pezi linakuwa bapa, mguu unakuwa mzito na kila hatua inasukuma zaidi. Ukilalamika mapaja yanawaka dhidi ya upepo, ninashuku aliyekuuzia alikuwa kijana mwenye miguu ya mpira na aliikaza mpaka mwisho. Ilegeze nusu, ujaribu.

Na kiti. Mguu ukiwa umenyooka mbele kabisa, goti libaki na mkunjo kidogo. Goti likinyooka kama rula, au ukilazimika kuteleza kiunoni kuifikia pedali, unapoteza nguvu na unaharibu mgongo. Pedali zina namba za kusogezea. Pande zote mbili ziwe namba moja. Nimeshaletewa kayaki hapa yenye mguu wa kushoto namba nne na wa kulia namba tano, mwenye nayo analalamika chombo kinavuta upande mmoja.

Sasa nikwambie kwa nini sikuahidi kasi, hata ukifunga mtambo wa bei gani. Chombo kinachokata maji bila kuinuka juu yake kina ukomo, na ukomo huo unatokana na urefu wake. Chukua urefu wa sehemu iliyoko majini kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilometa kwa saa. Yako ni futi 12, tuseme mita 3.5 zinagusa maji: inakuja kama 8.4. Hapo ni pale ambapo chombo kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe, na hakuna miguu ya binadamu itakayokaa hapo kwa saa nzima. Wengi wetu tunasafiri kwenye 5 hadi 6. Tena nguvu inayohitajika haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa mchemraba wake. Kutoka 5 kwenda 6 peke yake unatakiwa utoe nguvu zaidi kwa asilimia 70 na ushee. Kwa hiyo anayekwambia kifaa chake kitakuongezea kilometa tatu kwa saa, muulize anaongeza na miguu mingine miwili?

Kinachokusimamisha njia ya Ikombe ni upepo zaidi ya maji. Upepo ukizidi mara mbili, msukumo wake unazidi mara nne. Na pale mlipo ninyi ni mwisho wa kaskazini wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 550. Upepo wa kusini, ambao majirani zetu wa Malawi wanauita mwera na ambao miezi ya Mei hadi Agosti unakuwa na hasira, unakuja na mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali. Umeniletea picha ya kayaki yako. Nimeona kreti la soda limesimama nyuma ya kiti, fimbo nne zimesimama kama antena, na kiti kiko ngazi ya juu. Hilo ni tanga, mwalimu, umelitweka mwenyewe na linakurudisha Matema. Shusha kiti ngazi ya chini wakati wa kusafiri, laza fimbo, badilisha kreti kwa kapu fupi. Havigharimu shilingi, na kwenye upepo vinakupa kuliko mapezi marefu.

Uzito nao una siri yake. Ukienda dhidi ya upepo, weka vitu vizito mbele kidogo: maji ya kunywa, nanga. Pua ikizama kiasi, upepo hauiokoti. Ukirudi na upepo mgongoni, hamishia nyuma. Samaki uliowapata wakae nyuma vilevile, kama Mungu amejalia. Mimi siku moja nilirudi kutoka Ikombe na vyungu viwili vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, nimevifunga mbele, kwa kuwa nyuma palikuwa pamejaa. Nilizunguka kama pia mpaka nikahamisha chungu kimoja katikati ya miguu na kunyonga nimekitandazia magoti. Kilifika kizima, kipo mpaka leo jikoni kwa mama watoto.

Hapo ndipo naingia kwenye usukani, na hapo ndipo ningeweka shilingi yako ya kwanza. Wimbi likikupita kutoka nyuma, linanyanyua mkia wa kayaki. Bapa dogo la usukani linatoka majini au linabaki kwenye povu, na kwa sekunde hizo huna usukani. Pua inakwenda pembeni, wimbi la pili linakupiga ubavuni. Ndiyo tabu unayoieleza. Bapa kubwa na refu zaidi, lile wanalolitengeneza kwa ajili ya kayaki zinazowekwa tanga, linabaki ndani ya maji. Katika wote ninaowafahamu waliobadilisha vitu kwenye kayaki zao, sijakutana na aliyejutia usukani mkubwa. Waliojutia mapezi marefu wapo. Kabla ya kuagiza, kaza kwanza kamba za usukani ulionao, maana nazo hulegea, na uangalie pini inayolishika bapa. Pini hiyo imetengenezwa ikatike kabla bapa halijavunjika ukigonga mwamba. Nunua tano, mbili zikae ndani ya jaketi la kuokolea ulilovaa. Ulilovaa, si ulilokalia.

Shilingi ya pili ningeiweka kwenye rivasi. Nina rafiki Iringa, mtu wa "kamwene" ndefu, anayevua Mtera. Bwawa lile unalijua: liko juu ya Ruaha Mkuu, barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita hapo hapo, maji yanapanda na kushuka, na miti iliyozama bado imesimama mikavu kama watu wanaosubiri basi. Alikuwa na mtambo kama wako. Kambale akikamata, anakimbilia kwenye visiki, na wewe huna namna ya kurudi nyuma isipokuwa kuachia fimbo na kushika kasia. Mkono mmoja kwenye fimbo, mmoja kwenye kasia, kiboko mmoja anakohoa mita mia mbili kutoka hapo. Akauza ule wa zamani akanunua wenye kamba mbili za kuvuta: unavuta moja, mapezi yanageuka, kila unyongapo unarudi nyuma, unavuta nyingine unakwenda mbele. Kasi haikuongezeka hata kidogo, ananiambia. Lakini idadi ya samaki wanaofika ndani ya chombo imeongezeka, na kwenye upepo anaweza kukaa sehemu moja kwa kunyonga mbele na nyuma bila kutupa nanga. Alilolalamikia ni zile kamba, zinachubuka pale zinapopita kwenye tundu, na anazikagua kila mwezi.

Mtambo wako kwa picha ni wa ukoo wa MirageDrive wa Hobie, ambao Greg Ketterman aliubuni na ukaingia sokoni 1997. Ule wenye rivasi ya kamba, wanaouita 180, kwa kawaida unaingia kwenye tundu la kayaki za zamani za ukoo huo. Pima tundu lako na ulinganishe na muuzaji kabla hujatuma hela. Usichanganywe na 360, ule unaoelekea pande zote, huo unahitaji kayaki iliyotengenezwa kwa ajili yake. Iliyotumika inatosha kabisa. Mwombe muuzaji akutumie video akifanya jaribio lile la kushika pezi na kusukuma pedali. Akikataa, mshukuru uendelee na safari.

Mapezi marefu, je? Siyachukii. Leo ninayo, nimeyarudisha baada ya kuweka kila kitu sawa, na nimeyapenda kwa safari ndefu za maji tulivu, pale ambapo mguu unaenda taratibu na chombo kinateleza. Lakini sikiliza masharti yake. Yanahitaji fito zake ndefu, na fito za vizazi tofauti hazina unene mmoja. Yanashuka chini zaidi, hivyo unapokuja ufukweni lazima uyalaze mapema. Unajua namna: sukuma pedali moja mbele kabisa, mapezi yanajibana kwenye tumbo la kayaki. Yakigonga kitu, urefu wao unakuwa mtaimbo, ufito unapinda kwa kugonga kidogo tu. Na magoti, kama nilivyosema. Mtu wa miaka 25 hatahisi. Mimi nilihisi wiki ya kwanza, na nikalazimika kulegeza ile skrubu karibu mpaka mwisho, ndipo tukaelewana. Ufito ukipinda usikimbilie kwa mkerezaji kukuchongea mwingine kwa chuma cha pua cha dukani. Nilifanya hivyo hapa Mbeya, kazi ilikuwa nzuri ya kung'aa, ukapinda safari ya pili. Chuma laini ni chuma laini hata kikipigwa msasa.

Propela sasa. Huo ni mtambo mzuri, na ningekuwa naanza upya na uvuvi wangu ukiwa wa Mtera tu ningeufikiria. Unazungusha pedali kama baiskeli, na gia ndani inaizidisha. Ule wa Old Town, kwa mfano, una uwiano wa 10.3 kwa 1, mguu ukizunguka mara moja propela imezunguka zaidi ya mara kumi. Rivasi ni bure: nyonga kinyume. Lakini mwalimu, wewe huna kayaki ya propela. Tundu lake ni lingine, na mwili wote umeumbwa kuzunguka tundu hilo. Jamaa mmoja wa hukohuko Iringa alikata tumbo la kayaki yake kwa msumeno, akachomeka fremu ya propela, akaziba pembeni kwa gundi ya epoksi. Iling'ang'ania mpaka ilipokauka vizuri, kisha ikabanduka yote kipande kizima, kama ganda la ndizi. Plastiki ya kayaki hizi ni polietilini, na epoksi haishikani nayo. Kinachoishika ni polietilini yenyewe ikiyeyushwa kwa moto, na hata hapo ni kwa kuziba ufa. Kufunga kitu kinachovutwa na miguu yako mchana kutwa ni kazi nyingine. Kayaki ile sasa ni hori la kunyweshea ng'ombe. Sitanii.

Na ukija kuwa na propela siku moja, tatizo lake halitakuwa kwenye gia. Litakuwa kwenye mshipi. Uzi wa kuvulia unajizungusha nyuma ya propela bila wewe kujua, unaingia polepole, unakata sili, maji yanaingia kwenye oili. Ukifungua oili ikaonekana kama chai ya maziwa, umeshachelewa kidogo. Kila ukitoka majini, vua propela, angalia shafti. Dakika mbili.

Mota ya betri nitaipitia haraka: kwa sasa hapana. Si kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi sana, na shida ndiyo hiyo. Itakufikisha mbali kuliko miguu yako inavyoweza kukurudisha betri ikiisha, na ukingo wa milima ya Livingstone unaujua, sehemu za kutia nanga au kupandia ufukweni ni chache, mwamba unashuka moja kwa moja kwenye kina. Kwanza miguu, usukani na kasia la akiba. Mota tutaizungumza ukishazoea kurudi na upepo.

Kabla hujagusa chochote, pima. Chagua alama mbili ufukweni, tuseme ule mti mkubwa na mapaa ya hoteli, umbali kama nusu kilometa, saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Nenda na urudi mara tatu, ukinyonga kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea bila kuhema. Simu yenye GPS mfukoni, ndani ya mfuko usioingia maji. Chukua wastani wa kwenda na kurudi. Andika. Kisha fanya kazi ya spana niliyokueleza, urudie palepale. Kwangu ilitoka kilometa 5.1 kwa saa ikaenda 5.7 kwa nati na grisi pekee. Mapezi marefu yaliongeza 0.3 tu juu ya hapo. Kaa mbali na mdomo wa mto Lufilyo unapofanya mizunguko hiyo. Mamba hasomi GPS.

Halafu nitumie vitu vitatu: hizo namba mbili, unene wa ufito wako kwa kalipa (mwombe mwalimu wa fizikia akuazime, usipime kwa rula), na picha ya tundu la mtambo kutoka juu ukiwa umeutoa. Nikiona hivyo ndipo nitakwambia kama usukani uagizwe peke yake au pamoja na ule wa rivasi, ili usafiri wa mzigo kutoka Dar es Salaam ulipe mara moja.